Mkunga Aliyesema Wameruka

Mkunga wetu hakujua Kiswahili. Alijua kuzalisha kwa Kiswahili, na hayo ni mambo mawili tofauti. Lugha hiyo aliiokota wodini, kwa wake za askari waliotoka kaskazini wakaja kujifungulia Kampala bila kujua Luganda, kwa hiyo alichokuwa nacho ni sukuma, pumua, ngoja, bado, pole na "muzuli", yaani mzuri, na mengine ya kubahatisha. Kwa maneno hayo machache aliishi na sisi miaka yote. Mlango ukikwama, alituambia sukuma. Binti akichelewa kuolewa, alimtuliza mama yake kwamba bado, angoje. Siku moja kwenye foleni ya mafuta ya taa pale Bukoto watu walianza kukabana, naye akapanda juu ya kreti la soda akawaamuru wote wapumue, na wallahi walipumua. Tulicheka, lakini mstari ulinyooka.

Nasema mkunga wetu kwa sababu alikaa chini yetu, kwenye zile nyumba za ghorofa za serikali, na kwa sababu alimzalisha mama yangu. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alinawa mikono kabla ya kumsalimu mtu, siyo baada, kana kwamba kila mgeni ni mtoto mchanga. Ukiingia kwake ulipewa punje za kahawa kavu utafune, kama desturi ya Waganda, halafu chai. Chai yenyewe haikuwa na sukari. Enzi zile sukari ilikuwa imeadimika mpaka watu waliificha chini ya kitanda, na yeye alikuwa nayo, najua, maana ilitoka kwetu. Hakuitia kwenye kikombe chake hata siku moja. Mimi niliona ni maringo.

Hapa lazima niseme ya kwetu, maana ndiyo yanayoniuma. Baba yangu alikuwa dereva wa ofisi moja ya Nakasero, ofisi ambayo watu wakipita mbele yake waligeuza macho upande wa pili wa barabara. Hakuwa na cheo kikubwa. Alivaa miwani nyeusi na nguo za kazi zilizopigwa pasi, na alitoka asubuhi na kurudi wakati wowote. Gari alilileta nyumbani, akaliosha mwenyewe, ndani na nje, na hakuna aliyemsaidia. Nchi nzima ilikunywa chai chungu na sisi tulikuwa na sukari, chumvi na sabuni kutoka duka la jeshi. Shuleni wenzangu walikuwa wakali kwa kila mtu isipokuwa mimi. Nilidhani wananipenda.

Mkunga hakuwa mtu wa kutabirika. Jumapili aliimba kwaya kanisani, sauti ya pili, na kanisa likiisha alikwenda kwenye sherehe za mapacha, akacheza na kuimba zile nyimbo zao chafu ambazo hazifai kuandikwa. Ukimwuliza vipi, alisema Mungu aliyeumba mapacha anajua kwamba wanataka vurugu. Alimheshimu sana mama wa mapacha. Kwa Waganda mwanamke aliyezaa pacha ni Nnalongo mpaka kufa kwake, na mumewe ni Ssalongo, na mtoto aliyetangulia pacha ana jina lake, Kigongo, na aliyewafuata naye ana lake. Mkunga aliyachukua mambo haya kwa uzito kuliko vyeo vya jeshi. Mama yangu akawa Nnalongo. Baba, Ssalongo. Mimi, mtoto wao wa kwanza, nikawa Kigongo, na jina langu la shule akalitupa.

Chochote kilichoungana kililetwa kwake. Wanawake wa soko la Nakasero walimwekea ndizi pacha, zile mbili zinazokaa ndani ya ganda moja, kwa sababu mwanamke ambaye bado anazaa hazili, asije akazaa walioungana vile. Yeye alizila zote mbili amesimama pale pale, akawaambia wachuuzi, "Mimi tumbo imefunga duka." Wakafa kwa kicheko. Nilikuwa naye siku hiyo na nilimwona anavyozitenganisha kwanza, taratibu, kwa ukucha, akizitazama kabla ya kula. Kicheko chake kiliishia hapo.

Halafu kulikuwa na yule mwanambuzi. Nyuma ya nyumba zetu mama mmoja Mkongo, muuza vitenge, alifuga mbuzi, na mbuzi wake akazaa mtoto mwenye vichwa viwili na kiwiliwili kimoja. Watu walijaa. Bwana mmoja akasema hii ni dalili, mwili mmoja hauwezi kutawaliwa na vichwa viwili, mwingine akamjibu kwamba afadhali viwili kuliko kimoja kibovu, na hapo wote wakagundua kwamba binti wa dereva wa Nakasero amesimama kati yao. Uwanja ukawa mtupu. Nilikuwa na miaka kumi na kitu tu, na ndiyo mara ya kwanza nilipojiona jinsi wanavyoniona. Nilibaki na yule Mkongo, na mkunga aliyepiga magoti kwenye samadi akiwa na sare yake nyeupe.

Alimnywesha maziwa kwa kidole, mdomo huu halafu huu, ingawa mmoja tu ndio uliokuwa unameza. Nikamwuliza inakuwaje. Akanieleza kwa Luganda, polepole, alivyofundishwa chuoni: yai moja linaanza kugawanyika ili wawe wawili, halafu linaacha njiani. Siyo laana, siyo uchawi, wala mama hakula kitu. Kwa mbuzi, kwa ng'ombe, kwa kuku, kwa nyoka, kwa watu, ni lile lile. Jioni akapanda kutuambia kwamba yule mwanambuzi amekufa. Amekufa, alisema hivyo, bila kigugumizi. Neno hilo nililisikia bila kulitia maanani.

Na sisi tulikuwa na wetu walioungana. Kaka zangu wadogo, Hassan na Husein, walizaliwa mwanzoni mwa utawala wa askari wakiwa wameungana kifuani, uso kwa uso. Baba aliwaona kupitia kioo. Alisema walikuwa kama watu wanaosalimiana ambao hawajamaliza salamu. Walikuwa hai, walilia, kila mmoja na sauti yake. Kesho yake akatumwa safari ya Karamoja, hakuweza kukataa, na aliporudi hawakuwepo. Mama alikuwa amepasuliwa na homa imempoteza, hajui asubuhi wala jioni. Baba akamkuta mkunga kwenye korido, akamwuliza watoto wangu wako wapi, na mkunga akamjibu kwamba wameruka.

Baba alitusimulia hilo mara nyingi, na uso wake ukifika hapo ulikuwa unafunguka. Wiki hiyo hiyo daktari mmoja Mzungu wa hospitali ile aliondoka nchini kwa ndege, kama walivyokuwa wakiondoka wengi. Baba akaunganisha mwenyewe. Akamwuliza mkunga, wameruka na ndege? Mkunga akaitikia kwa ile "eh" yao. Basi, watoto wamepelekwa Ulaya kutenganishwa. Baba akamshika mkunga mikono yote miwili akamshukuru mbele ya watu, yeye ambaye sijawahi kumsikia akimshukuru mtu.

Tangu hapo ikawa ni kungoja. Kila sikukuu ya Idd baba aliwashonea kanzu. Mwaka wa kwanza alimwagiza fundi kanzu moja yenye shingo mbili, na fundi alikuwa ameshashika mkasi, baba akamzuia. Watakuwa wameshatenganishwa, alisema, shona mbili. Kila mwaka zikaongezwa urefu. Zilining'inia mlangoni mwa chumba chetu, nyeupe, na mimi nililala nikizitazama, nikiwaonea wivu. Niseme ukweli, niliwachukia kidogo. Mimi nilikuwa hapa nachota maji na kufua, na wanaopendwa wako Ulaya. Kama kuna aliyetaja watoto, mama aliinuka akaenda kutazama sufuria.

Mkunga alikuja kila Idd kwa sababu baba alimwita. Angekataaje? Alikaa kwenye kiti kilichoupa mlango kisogo, akasema kwamba ameshiba. Baba alimpa sukari mkononi, kila mwezi mfuko, naye aliipokea na kusema "Asante kwa sukali, Ssalongo", na baba akatabasamu kwa hilo jina. Hata ofisini walikuwa wanamwita Ssalongo. Alisema, mtu haitwi Ssalongo kama watoto wake hawapo.

Kwake mkunga, karibu na mlango, palikuwa na jozi ya viatu vyeusi vya kiume. Kila Jumamosi alivipaka rangi na kuving'arisha. Mwanzoni nilidhani ana mume anayefanya kazi mbali. Baadaye nikajua ni vya mdogo wake, mwalimu wa shule, aliyetolewa darasani na watu waliokuja na gari, akaambiwa anahitajika kwa maswali machache. Hivyo viatu alikuwa ameviacha kwa dada yake vikatengenezwe soli. Nilipojua, niliacha kuingia kwa muda. Nilipita mlangoni pake nikikimbia, kama vile watu walivyopita ofisi ya baba yangu.

Ilipofika mwisho wa utawala ule, vita vikawa vinatoka kusini na mizinga ikasikika kila siku karibu zaidi. Familia za askari zilipakia magodoro zikaelekea kaskazini. Baba alimtanguliza mama na wadogo zangu waliozaliwa baada ya pacha Arua kwa lori la rafiki yake. Mimi nilibaki kumpikia, kwa siku chache tu, alisema. Siku chache zikaongezeka. Wenzake wakaondoka, ofisi ikafungwa, jirani aliyekuwa akimwinamia akaanza kumtazama usoni. Kila mtu alijua kwamba dereva wa Nakasero akikutwa hapa hataulizwa maswali. Nikamsihi. Akanijibu kwamba watoto wakirudi watampata nani? Na redio iliposema kwamba Entebbe imechukuliwa, alikaa kitandani akaniuliza mimi, binti yake, kwa sauti ya kweli ya mtu anayetaka kujua, "Sasa ndege yao itatua wapi?"

Nilitoka nje kulia. Pale chini wanawake walikuwa wamekusanyika kwa jirani mwenye mapacha wachanga, wamefunga vitambaa, na mmoja akaniambia kwamba Wasswa, jina la kila pacha mkubwa wa kiume, "abuuse". Luganda niliijua, nimekulia humo. Ameruka. Nikauliza, ameruka kwenda wapi? Yule mama akanitazama kama mjinga. Akasema pacha hafi, mwanangu, pacha huruka, na usije ukalitamka lile neno lingine mbele ya mzazi wao. Nikasimama pale nikirudia, ameruka, wameruka. Yule mama akaniuliza kama naumwa.

Mlango wa mkunga niliusukuma bila kubisha. Alikuwa sakafuni na vile viatu. Nilimwuliza kwa Luganda kama ni kweli, na yeye akanijibu kwa Kiswahili, kile chake cha kuvunjika, kana kwamba jambo hili limezaliwa katika Kiswahili na haliwezi kutolewa humo.

"Kigongo, mimi nilisema vile tunasema kwetu. Baba yako akasikia ndege. Nilitaka kusema hapana. Nikaona ile miwani, nikaogopa."

Nikamwambia kwamba uoga ni wa siku moja, mwezi mmoja, siyo miaka yote hii. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Aliendelea kusugua kiatu kimoja ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

"Halafu wakachukua ndugu yangu. Na gari. Nikasema, acha. Na yeye angoje. Na yeye kila siku aangalie mlango." Akakiweka kiatu chini. "Ile haikuwa uoga. Ile ni mimi."

Akaniambia kwamba sukari hakuwahi kuionja. Aliipeleka wodini, akawakorogea chai wanawake waliotoka kujifungua, kikombe kimoja kila mmoja, akiwaambia imetoka kwa Ssalongo. Kusema hayo hakukumsaidia, na niliona kwamba anajua. Mimi nilitaka kumkasirikia na nikashindwa, kwa sababu viatu vilikuwa kati yetu pale sakafuni. Nikamwambia tu kwamba baba hataki kuondoka, na kwa nini.

Aliinuka. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama anakwenda kuzalisha. Akavaa gomesi yake ya kanisani, lile gauni refu lenye mabega yaliyosimama, akafunga mshipi, na akapanda ngazi mbele yangu.

Baba alikuwa amekaa na kanzu mbili magotini. Mkunga hakungoja kukaribishwa. Alisimama katikati ya chumba na nikaona midomo yake inakataa, kwa sababu lile neno kwao halitamkwi, na kama mkunga ndiye anayelitamka, ni kama ameua kwa mkono wake. Hivyo ndivyo alivyolelewa, kwaya au si kwaya.

"Ssalongo," akasema. "Watoto walikufa."

Baba akamtazama. Mkunga akalisema tena, kisha akaeleza: wameruka, kwetu, ndiyo hilo. Wewe ulisikia ndege na mimi niliacha. Niliogopa, halafu nilitaka ungoje. Alisema yote mawili, hakujipunguzia. Nilidhani baba atanyanyuka ampige. Alishika tu zile kanzu, akakunja moja, akaikunjua.

Akauliza nani alitangulia. Mkunga akasema Wasswa, alfajiri, na Kato, yule mdogo, mchana wake, na kwamba Kato muda wote huo alikuwa amemtazama ndugu yake, hakulia. Baba akauliza kama walikatwa. Hapo mkunga akasogea karibu. Alisema wakubwa wa hospitali walitaka wawekwe kwenye chupa ya dawa, wanafunzi waje kuwaangalia. Yeye akawafunga kwenye shuka la wodi akawabeba kwa basi mpaka Ggaba, kwenye shamba la mama yake, akawazika kando ya migomba.

"Hawakukatwa," alisema. "Nililaza vile vile. Wanaangaliana."

Baba akavua miwani. Alilia kwa muda, bila kujificha, na mimi sikujua niweke wapi macho yangu. Mizinga ilikuwa inapigwa upande wa ziwa na madirisha yakitikisika. Mwisho akajifuta kwa mkono, akamkabidhi mkunga zile kanzu azipeleke Ggaba, na mkunga akazipokea kwa mikono miwili. Nikafikiri mambo yamekwisha. Nikaanza kubeba masanduku.

Ndipo baba akasema, bila kumtazama, "Yule ndugu yako. Mwalimu."

Mkunga hakuwahi kumtajia kwamba ana ndugu. Hakuna aliyewahi kumtajia.

"Usimngoje, mama," baba akasema.

Nilisikia pumzi ya mkunga inaingia na haitoki. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo sana, kama ni yeye aliyekuwa kwenye usukani. Baba akachukua funguo mezani akashuka ngazi. Yule mzee amekwenda na jibu lake kaburini, na mimi tangu siku ile najibu badala yake. Kuna siku nasema hapana, kuna siku nasema ndiyo, na siku nyingi nakumbuka alivyokuwa akiosha lile gari ndani na nje asitake msaada.

Chini, gari likakataa kuwaka. Betri ilikuwa imekufa kwa siku zile za kukaa bure. Baba alijaribu mpaka likawa linatoa mlio tu, na watu wakaanza kujitokeza kwenye vibaraza wakitazama. Hakuna aliyeshuka. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo. Nikaenda nyuma ya gari nikasukuma peke yangu, na halikusogea.

Mkunga akatoka mlangoni pake. Angeweza kufunga mlango, haki ilikuwa yake. Alikuwa amezitupia zile kanzu begani, gomesi yake ameipandisha na kuichomeka kwenye mshipi, akaja akaweka mikono yake karibu na yangu, ile mikono aliyoinawa muda ule ule. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Kigongo," akasema. "Pumua."

Nikapumua.

"Sasa sukuma."

Tukasukuma. Gari likasogea, likasita, likasogea tena, tukalisukuma mpaka kwenye mteremko wa kutokea barabarani, yeye akiniambia sukuma, sukuma, bado, sukuma, kama alivyowaambia wanawake wote wa kaskazini waliompitia mikononi, pamoja na mama yangu. Injini ikashika. Baba hakuweza kusimama, ingezima tena, kwa hiyo nilikimbia nikarukia mlango wa nyuma. Nilipogeuka mkunga alikuwa barabarani, ameinama, mikono kwenye magoti, anatafuta pumzi. Kanzu moja ilikuwa imemdondoka begani, na alikuwa anaiokota.